Askofu Steere katika Soko la Mkunazini

Wasomaji wetu wengi walijua jina la Edward Steere kwa ajili ya vitabu vyake vya Kiswahili. Mwezi huu twapenda kueleza habari za maisha yake kwa sababu nyingine. Walimu wetu hubishana mara nyingi: je, mhubiri aanze kwa kuwaonya watu habari za hukumu, au kwa kuwaita kwa upendo? Mtu huyu alihubiri mahali pagumu kuliko petu, nasi twaona yafaa kumtazama.

Alizaliwa London mwaka wa 1828, akasomea sheria kabla hajawa kasisi. Basi alijua baraza la hukumu ni kitu gani. Katika mwaka wa 1864 alifika Unguja pamoja na Askofu Tozer, wakitumwa na misioni iliyoanzishwa kwa wito wa Livingstone. Sultani Majid aliwapa watoto watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Husimuliwa ya kuwa walitetemeka sana, wakidhani Wazungu wale watawala. Watoto wa namna hii, waliokwisha kuona mjeledi na njaa na tumbo la jahazi, utawatisha kwa kitu gani tena? Steere akawafundisha kusoma, huku yeye mwenyewe akijifunza Kiswahili kwa watu wa mji.

Wala hakuona haya kuwa mwanafunzi wa Waislamu. Sheikh Abdul Aziz, mmoja wa wanachuoni wakubwa wa Unguja, alijitolea kumfasiria Zaburi katika Kiswahili safi kabisa. Kazi ile ilifika Zaburi ya 16 tu, kwa kuwa sheikh alikuwa na shughuli nyingi, na lugha yake ilikuwa ya juu mno kwa watu wasiosoma. Hata hivyo Steere alizipiga chapa Zaburi zile, ziwe ukumbusho wa wema wake.

Mwezi wa Juni mwaka wa 1873 soko la watumwa la mjini lilifungwa. Hapa yatupasa kusema kweli yote: halikufungwa kwa maneno ya upole. Waingereza walimtishia Sultani Barghash ya kuwa manowari zao zitakizingira kisiwa, ndipo akatia sahihi. Sisi Walutheri twafundishwa kutenganisha Sheria na Injili, na ni vigumu kupata mfano ulio wazi kuliko huu. Kitisho kiliufunga mlango wa soko. Lakini biashara iliendelea kwa siri, na utumwa wenyewe haukuondolewa Unguja mpaka mwaka wa 1897.

Kasisi Arthur West alinunua kiwanja cha soko, na mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Senji, akatoa sehemu iliyopakana nacho. Siku ya Krismasi mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Kabla kanisa halijasimama, Steere alihubiri pale pale katika nyumba ya udongo, kwa Kiswahili. Waarabu na Waswahili wa mji walikuja kusikiliza na kuuliza maswali, naye akawajibu. Hakuona faida ya kuitukana dini yao. Tufikiri kidogo: watu wale waliiamini Siku ya Kiyama tangu utoto, kuwapigia kelele za moto kungekuwa kuwapelekea habari waliyo nayo. Na wale waliofunguliwa utumwani walikuwa wamemtii bwana kwa hofu siku zote. Mhubiri wa hofu angewapa bwana mwingine tu.

Sisi wenyewe, tulipotoka chuoni, tulihubiri habari za ziwa la moto jumapili baada ya jumapili. Watu walijaa darasani kwa ubatizo. Baada ya mavuno mawili hofu ilikuwa imewatoka, nao wakatoka pamoja nayo. Twaandika haya kwa aibu.

Lakini asifikiri mtu ya kuwa Steere alivuna wengi. Wenyeji wa mji walioongoka walikuwa wachache sana, na waliosema njia yake ni ya upole kupita kiasi wangeweza kuonyesha hesabu hiyo. Wala hakuificha hukumu: alipolifasiri Agano Jipya hakuruka neno lolote la jehanamu wala la kilio na kusaga meno. Aliwapa watu kitabu kizima, wasome wenyewe.

Alifanywa askofu mwaka wa 1874. Mwaka wa 1876 aliwaongoza watu waliofunguliwa kwenda bara, wakakaa Masasi. Alikufa Unguja tarehe 27 Agosti 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa la Mkunazini, katika udongo wa soko lile. John Swedi, mmoja wa wale watoto watano waliotetemeka, alikuwa shemasi tangu mwaka wa 1879.