John Boyd Dunlop na Tairi la Upepo

Baiskeli itokayo Buswelu kwenda Nyakato, mkoani Mwanza, hupita juu ya njia za namna nyingi. Pengine ni lami, pengine ni udongo mgumu wenye mashimo, pengine ni changarawe iliyoletwa na maji kutoka kwenye vilima vya mawe. Na wakati wa mvua ni tope. Mara nyingi baiskeli hiyo huwa imembeba mtu pamoja na gunia. Kitu kinachoubeba mzigo huo wote si mpira peke yake, bali ni upepo uliofungiwa ndani ya matairi mawili. Leo tutasoma habari za mtu aliyeuingiza upepo huo katika gurudumu la baiskeli.

John Boyd Dunlop alizaliwa tarehe 5 Februari 1840 katika shamba moja huko Dreghorn, nchini Uskoti. Alisomea udaktari wa mifugo, na mwaka 1867 alihamia Ireland. Alifanya kazi kwanza katika mji wa Downpatrick, halafu katika mji mkubwa wa Belfast, ambako alipata wateja wengi sana. Hakuwa fundi wa baiskeli.

Baiskeli za siku zile zilikuwa na magurudumu ya chuma, au magurudumu yaliyovikwa mpira mgumu usio na nafasi ya hewa ndani yake. Gurudumu la namna hiyo likikanyaga jiwe, halina budi kupanda juu ya jiwe hilo, na mpandaji naye hurushwa juu. Mwaka 1887 mtoto wa Dunlop, aliyeitwa Johnnie, alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu. Barabara za Belfast zilikuwa zimetandikwa mawe, na baiskeli ile ilimtikisa mtoto vibaya. Baba yake akaanza kutafuta njia ya kumpunguzia adha hiyo.

Dunlop alichukua ubao wa mviringo wenye upana wa sentimita 96 hivi. Akatengeneza mrija wa mpira mwembamba, akauzungushia ukingoni mwa ubao, akaufunika kwa kitambaa cha kitani na kukipigilia misumari midogo. Kisha akaujaza upepo kwa pampu ya mpira wa miguu. Akiwa uani, alilisukuma gurudumu la kawaida la baiskeli ya mwanawe. Likabingirika kidogo, likasimama. Akalisukuma lile la upepo. Hilo lilivuka ua wote, likagonga nguzo ya lango, likarudi nyuma.

Mwanafunzi makini atauliza kama jaribio lile lilikuwa la haki, maana magurudumu yale mawili hayakufanana katika kila kitu. Swali hilo ni zuri, na Dunlop hakuishia hapo. Aliyavika matairi ya upepo magurudumu mawili ya nyuma ya baiskeli ile ile ya Johnnie, nayo ikaenda vizuri kuliko zamani. Tarehe 7 Desemba 1888 serikali ya Uingereza ilimpa hati ya uvumbuzi, yaani hati inayomtambua mtu kuwa yeye ndiye wa kwanza kubuni kitu fulani.

Mwaka uliofuata, tarehe 18 Mei 1889, kijana Willie Hume aliingia katika mashindano ya baiskeli mjini Belfast akiwa na matairi ya Dunlop. Watazamaji waliyacheka matairi yale kwa unene wake. Hume alishinda mashindano yote manne ya siku ile.

Kwa nini alishinda? Tairi la upepo likikanyaga jiwe, jiwe hubonyea ndani ya tairi. Hewa hushindiliwa kwa muda mfupi, kisha husukuma na kurudi mahali pake. Gurudumu halipandi sana, wala mpandaji harushwi. Nguvu za miguu yake, ambazo zingepotea kwa kumnyanyua juu ya kila jiwe, humpeleka mbele.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Hudhani kuwa tairi likijazwa hadi liwe gumu kabisa, basi baiskeli itakwenda vizuri kila mahali. Kwenye lami laini ni kweli kwamba tairi gumu huteleza mbele kwa wepesi. Lakini kwenye mawe na changarawe, tairi gumu mno humrudisha mpandaji katika taabu aliyoipata Johnnie: baiskeli hurukaruka, mikono hufa ganzi, na kwenye kona gurudumu huponyoka kwa sababu linagusa ardhi mahali padogo tu. Tairi lenye upepo haba nalo lina hatari yake. Kukanyaga pedali huwa kazi nzito, usukani huyumba, na gurudumu likigonga jiwe, mpira wa ndani hubanwa kati ya jiwe na rimu. Hutoboka matundu mawili yaliyo jirani, kama alama ya meno ya nyoka. Jambo hilo likitokea kwenye mteremko, na nyuma kuna mzigo au mtoto, wote wanaweza kuanguka.

Upana wa tairi pia hauna budi kuangaliwa. Tazama ubavuni mwa tairi la baiskeli ya kawaida ya kubebea mizigo. Mara nyingi utaona pameandikwa 28 x 1½. Namba ya kwanza ni kimo cha gurudumu kwa inchi, na ya pili ni upana wa tairi, karibu milimita 40. Tairi la baiskeli ya mashindano huweza kuwa na upana wa milimita 25 tu. Tairi jembamba lina nafasi ndogo ya hewa, kwa hiyo lazima lijazwe sana ili liweze kubeba uzito ule ule. Tairi pana hubeba uzito huo kwa msukumo mdogo wa hewa, na halizami upesi mchangani. Kwa njia kama za Buswelu, tairi pana linafaa zaidi, hata kama jembamba lapendeza macho. Mzigo ukiongezwa nyuma, tairi la nyuma liongezwe upepo. La mbele, ambalo hubeba uzito mdogo, lihitaji upepo pungufu kidogo. Kiasi kilichoandikwa ubavuni mwa tairi kisipitwe.

Mwaka 1890 Dunlop aliambiwa habari ya kusikitisha. Mskoti mwingine, Robert William Thomson, alikuwa amepata hati ya tairi la upepo tangu mwaka 1845, kabla baiskeli za pedali hazijaenea. Thomson aliyafunga matairi yake kwenye magari ya farasi, na baadaye yakasahauliwa. Hati ya Dunlop ikawa haina nguvu tena. Kampuni iliyoanzishwa kwa uvumbuzi wake iliendelea kukua, lakini yeye aliiacha, wala hakupata utajiri mkubwa kutokana nayo.

Matairi yalipoenea, mpira ulitakiwa kwa wingi. Katika Kongo, iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji hadi mwaka 1908, watu walilazimishwa kwenda msituni kugema utomvu wa mpira. Wengi waliuawa, na wengine walikatwa mikono.

Dunlop alifariki dunia mjini Dublin tarehe 23 Oktoba 1921, akiwa na umri wa miaka 81.

Jaribio: Mkiwa pamoja na mwalimu, lowesheni tairi la nyuma la baiskeli, kisha lisimamisheni juu ya sakafu kavu ya saruji. Zungushieni alama ya maji kwa chaki, na mpime urefu na upana wake. Rudieni mwanafunzi mmoja akiwa ameketi juu ya baiskeli iliyoshikwa imara. Halafu ongezeni upepo, mpime tena mwanafunzi yule yule akiwa ameketi. Alama imekuwa kubwa au ndogo? Elezeni sababu.