Maisha ya Mwenda Jean Bosco, Mpiga Gitaa

Katika kurasa hizi tumezoea habari za wafalme na wapiganaji. Leo napenda kuwaeleza habari za mpiga gitaa, Mwenda Jean Bosco, ambaye sauti yake iliingia katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki kwa njia ya redio, lakini vijana wengi wa leo hawamjui.

Mwenda alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, katika Katanga, nchi ya Kongo. Bunkeya ni mji wa Wayeke, ambao ulipata nguvu chini ya Msiri, mfanya biashara aliyetoka Unyamwezi. Kwa hiyo asili ya watu wake haiko mbali na sisi tunaopakana na Tanzania.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka Afrika kukusanya nyimbo, alimkuta Jadotville, mji ambao sasa huitwa Likasi, akazinasa nyimbo zake. Mmoja wa nyimbo hizo, Masanga, ulipewa zawadi, na santuri yake ikaenea mbali. Mwenda alipiga kwa vidole viwili, gumba na cha shahada, lakini msikilizaji angeapa kwamba wapigaji ni wawili.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikaa Nairobi kwa muda. Huko alikuwa na kipindi chake katika redio, na tena aliimba kuvitangaza vidonge vya Aspro, dawa ya maumivu. Wapiga gitaa wengi wa Kenya walijifunza kwake.

Mimi nilianza kumfuatilia kwa sababu ya vidonge hivyo. Hapa Gitega tulipewa kazi ya kupanga magazeti makuukuu ya Kiswahili, na katika moja niliona tangazo la Aspro. Nikaomba ruhusa, nikaenda nalo Muyinga wakati wa likizo kumwonyesha babu yangu. Babu hakuyasoma hata maneno. Alianza kuuimba wimbo wa vidonge, mpaka bibi akatoka jikoni kutazama kuna nini.

Ndipo akanieleza kwamba mfanya biashara mmoja mtaani alikuwa na redio ya betri. Jioni wazee waliketi barazani kusikiliza Kiswahili cha Nairobi, na watoto walisimama nyuma ya ukuta. Aliyeimba, alisema babu, ni Bosco Mkongomani. Katika watoto wale wa nyuma ya ukuta, sasa wamebaki wawili tu, naye ni mmoja wao.

Mwenda aliendelea mbele. Mwaka 1969 alipiga gitaa katika tamasha la Newport, Marekani. Mwaka 1972 serikali ya Zaire ilipowataka watu waache majina ya kigeni, alijulikana kwa jina la Mwenda wa Bayeke. Mwaka 1988 alikwenda Afrika ya Kusini, akapiga na kurekodi huko. Mwezi Septemba mwaka 1990 alifariki katika ajali ya gari nchini Zambia.

Santuri zake zinasikika hata leo, maana santuri huwekwa sandukuni. Kipindi cha redio hakiwekwi hivyo. Kikiisha kimekwisha, isipokuwa mtu amekinasa, au amekiweka kichwani kama babu. Tangazo katika gazeti ni kama alama ya njia: halina sauti, lakini humkumbusha aliyesikia.

Basi wenzangu, mkiona gazeti kuukuu dukani linafungiwa karanga, liombeni, mkawaonyeshe wazee matangazo yake, kisha mwandike watakayosema. Na ninyi wakubwa wetu mliosikiliza redio miaka ile, tuandikieni vipindi mlivyovipenda, na nani aliyeviongoza. Msingoje mwaka ujao.