Kitasato: Daktari aliyemnasa bakteria wa pepopunda, Nobel ikaenda kwa mwenzake

Ukikanyaga msumari wenye kutu, utaambiwa ukimbilie sindano ya pepopunda. Wengi hulaumu kutu. Kumbe mhusika ni bakteria anayeishi kwenye udongo, vumbi na kinyesi cha wanyama, na wa kwanza kumtenga peke yake maabara alikuwa Mjapani, Shibasaburo Kitasato.

Alizaliwa Januari 1853 huko Oguni, kwenye milima ya kisiwa cha Kyushu. Alisomea udaktari Tokyo, kisha katikati ya miaka ya 1880 serikali ikampeleka Berlin kufanya kazi chini ya Robert Koch, bingwa wa bakteria enzi hizo (ndiye huyu aliyekuja baadaye hadi Ziwa Victoria kuchunguza malale).

Bakteria wa pepopunda alikuwa ameshaonekana kwenye darubini. Tatizo, kila akioteshwa anaota na kundi la wengine, hadi baadhi ya wataalamu wakaamini hawezi kuishi bila wenzake.

Kitasato akaja na ujanja. Alipasha moto mchanganyiko ule hadi nyuzijoto 80. Wengine wakafa, lakini mbegu za pepopunda zina ganda gumu, zikabaki. Akazikuza kwenye chombo chenye gesi ya haidrojeni badala ya hewa, kwa sababu bakteria huyu hapatani na oksijeni. Ndiyo maana tundu jembamba la msumari linamfaa kuliko mchubuko wa juu juu. Hiyo ilikuwa 1889.

Akaona pia kwamba bakteria hasambai mwilini. Anabaki kidondani, anachotuma ni sumu, na sumu hiyo ndiyo inayokaza taya na kupinda mgongo kama upinde. Ndiyo hiyo hiyo inayoua mtoto mchanga aliyekatwa kitovu kwa wembe mchafu.

Basi yeye na Mjerumani Emil von Behring wakawajengea sungura kinga dhidi ya sumu, wakachukua majimaji ya damu yao na kuwachoma panya. Panya wakapewa sumu, hawakufa. Makala ya Desemba 1890 ilibeba majina yote mawili.

Mwaka 1901, Nobel ya kwanza kabisa ya tiba ikaenda kwa Behring peke yake, hasa kwa kazi ya dondakoo. Kweli dondakoo ilikuwa ya Behring zaidi, lakini kuitenganisha na ile ya pepopunda ni kazi ngumu.

Nyumbani nako hakukuwa laini. Alishawaudhi maprofesa wa Tokyo kwa kupinga dai la mmoja wao kwamba beriberi inaletwa na bakteria. Alikuwa sahihi: ni upungufu wa vitamini B1. Aliporudi 1892 alikosa maabara, mpaka mwanafikra Yukichi Fukuzawa alipomsaidia kuanzisha taasisi. Mwaka 1914 serikali ikaiweka taasisi hiyo chini ya chuo kikuu kile kile alichogombana nacho. Akajiuzulu, wafanyakazi wake wakamfuata, akafungua nyingine yenye jina lake, ambayo ipo hadi leo.

Alifariki Juni 1931. Tangu Julai 3, 2024 sura yake iko kwenye noti ya yen 1,000, akichukua nafasi ya Hideyo Noguchi, kijana aliyewahi kufanya kazi kwenye taasisi yake na kufia Accra mwaka 1928 akitafiti homa ya manjano.