Maisha ya Daktari Denis Burkitt

Katika toleo hili tunawaletea habari za mtu ambaye kazi yake inafika mpaka kwenye sufuria ya ugali ya kila nyumba hapa Titye.

Denis Burkitt alizaliwa mwaka 1911 katika mji wa Enniskillen, Ireland. Alipokuwa na miaka 11 alipigwa jiwe katika ugomvi wa watoto, akapoteza jicho moja. Alianza kusomea uhandisi huko Dublin, lakini kwa kusali pamoja na vijana wenzake aliamini kwamba Mungu anamwita awe mganga, akabadili masomo. Alipoomba kazi katika makoloni ya Afrika alikataliwa kwa sababu ya jicho lake. Hakukata tamaa. Aliingia jeshini kama daktari, akafika Kenya, na mwaka 1946 akaanza kazi Lira, Uganda, kisha Hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe wa ajabu katika mataya. Akaanza kuufuatilia ugonjwa huo. Mwaka 1961, pamoja na madaktari wawili wa misheni, alisafiri kwa gari kuukuu maili 10,000 hivi kwa muda wa wiki 10, kutoka Uganda hadi Afrika ya Kusini, wakiuliza kila hospitali kama umeonekana. Waliona kuwa uko penye joto na mvua, wala hauko kwenye nyanda za baridi. Saratani hiyo inaitwa kwa jina lake hata leo, na watoto kadhaa aliowatibu kwa dawa walipona.

Aliporudi Uingereza mwaka 1966 alijiuliza swali jingine. Mbona kidole tumbo, mawe ya nyongo na saratani ya utumbo mpana vilijaa huko, na vijijini Afrika alikuwa akiviona kwa nadra? Aliandikia hospitali nyingi za vijijini, akapata majibu yaleyale. Hakuona haya hata kupima choo. Mwaka 1972 yeye na wenzake walitangaza kwamba chakula cha wanakijiji wa Uganda kilipita tumboni kwa saa 36 hivi, na cha mabaharia wa Kiingereza kwa zaidi ya saa 80. Aliona sababu kuwa ni nyuzinyuzi zilizomo katika ganda la nafaka, katika maharage na mboga, ambazo Wazungu walikuwa wakiziondoa kwa kusaga unga mweupe.

Si yote aliyoyasema yaliyothibitika. Lakini neno lake kuu limesimama: mwaka 2019 uchunguzi mkubwa ulioombwa na Shirika la Afya Duniani ulionyesha kwamba wanaokula nyuzinyuzi na nafaka isiyokobolewa kwa wingi hupungukiwa na magonjwa ya moyo, kisukari na saratani ya utumbo.

Burkitt alifariki mwaka 1993, akiwa na miaka 82.

Sasa tujitazame sisi. Wazee wetu wa Buha walikula ulezi na mtama pamoja na ganda lake. Leo tunalipa mashine ikoboe, kisha tunalipa tena isage. Pumba tunawapa kuku, na mgeni akija tunaona aibu kumwekea dona. Tunanunua umaskini wa mwili kwa fedha zetu wenyewe.

Hata hivyo tuangalie. Mahindi yenye ukungu yana sumukuvu, ambayo kupika hakuiondoi, nayo hukaa zaidi katika ganda na kiini. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Basi anayekula dona ayakaushe mahindi yake vizuri, asiyaanike juu ya udongo mtupu, na punje zilizooza azitupe, asiwape hata kuku.

Mtu mwenye jicho moja aliona lililowapita wengi wenye mawili. Mungu atujalie nasi kuona kilichomo sahanini mwetu.