Gordon wa Khartoum: Mhandisi na Handaki Lake

Wasomaji wetu wengi wamelisikia jina la Gordon wa Khartoum. Wako walioambiwa skuli kuwa alikuwa mfano wa walii, na wako walioambiwa barazani kuwa alikuwa adui wa Waislamu na basi. Sisi twaona kuwa katika maneno haya mawili hapana hata moja linalotosha. Mtu huyu aliigusa pwani yetu kwa waraka mmoja alioandika akiwa mbali nayo, kisha akafa katika nchi ya Waislamu, mbele ya jeshi la Waislamu. Yafaa khabari zake zielezwe kwa uadilifu.

Charles George Gordon alizaliwa tarehe 28 Januari 1833 mjini Woolwich, karibu na London, mahali palipokuwa na karakana za mizinga za serikali na chuo cha maafisa. Nyumba yao ilikuwa nyumba ya askari tangu zamani. Baba wa babu yake, David Gordon, alitekwa katika vita vya Prestonpans mwaka 1745, alipokuwa akimpigania mfalme dhidi ya Waskoti walioasi. Na ajabu ni kuwa wengine wenye jina hilo hilo la Gordon walikuwa upande wa waasi. Mwana wa David, William Augustus, alipigana Quebec mwaka 1759. Mjukuu, Henry William, alipanda hadi cheo cha jenerali katika jeshi la mizinga, naye ndiye baba wa mtu tunayemtaja. Amma upande wa mama, Elizabeth, hao walikuwa watu wa bahari: baba yake, Samuel Enderby, alikuwa tajiri wa London mwenye merikebu za kuwinda nyangumi. Charles alikuwa wa tisa katika watoto kumi na mmoja. Hakuoa maisha yake yote, na siri zake nyingi alimwandikia dada yake mkubwa, Augusta, mwanamke aliyeshika sana dini yake.

Ilitazamiwa kuwa naye ataingia jeshi la mizinga kama baba yake. Lakini chuoni alikuwa kijana mkorofi, akampiga mwenziwe, akarudishwa nyuma miezi sita. Na kwa sababu hiyo, mwaka 1852, akaingia kikosi cha wahandisi. Kazi ya mhandisi wa vita ni kupima ardhi, kuchora ramani, kuchimba mahandaki, kujenga ngome na kuvunja ngome. Kazi hiyo aliijua barabara. Katika vita vya Crimea alifika mwanzoni mwa mwaka 1855, akakaa mahandakini mbele ya Sevastopol mpaka mji ulipoanguka mwezi wa Septemba. Kisha akapelekwa kupima mipaka baina ya Urusi na Uturuki.

Jina lake lilitokea Uchina. Mwaka 1863 alipewa jeshi la Wachina lililoongozwa na maafisa wa kigeni, akalipigania taifa la mfalme wa Uchina dhidi ya waasi wa Taiping, akishinda mji baada ya mji kwa kuzisoma njia za maji na kuta za miji. Wakuu wa waasi waliposalimu amri mjini Suzhou, liwali wa Kichina Li Hongzhang aliwaua; Gordon akaghadhibika mno, na mali aliyotunukiwa na mfalme akaikataa. Khulka hii ya kudharau fedha ilikuwa ya kweli, na hata maadui zake hawakuikanusha. Aliporudi kwao alikaa Gravesend miaka sita, akijenga ngome za mto Thames mchana, na jioni akiwasomesha watoto wa maskini.

Mwaka 1874 Khediwi Ismail wa Misri alimwajiri awe liwali wa Ikweta, kusini mwa Sudani. Alipewa mshahara wa pauni 10,000, akakubali 2,000 tu. Huko aliona taabu ya njia: Naili ni mrefu, na majani yanayoelea huuziba mto hata stima zikashindwa kupita. Mhandisi akatazama ramani, akaona kuwa njia fupi ya kuyafikia maziwa makuu yatoka mashariki, katika pwani yetu. Akamwandikia Khediwi kuwa yafaa ashike Ghuba ya Formosa, tuiitayo Ungama, pale mto Tana unapoingia baharini.

Khediwi akaipenda shauri hiyo. Mwaka 1875 merikebu za Misri, chini ya Mwingereza McKillop Pasha, zilifika pwani, ila hazikushuka Ungama. Zilishika Barawa na Kismayu, zilizokuwa chini ya Sayyid Barghash wa Unguja. Sayyid Barghash akalalamika kwa balozi wa Kiingereza, John Kirk, na serikali ya London ikamshurutisha Khediwi kuziondoa. Mwanzoni mwa mwaka 1876 zikaondoka. Twaomba msomaji azingatie: aliyenyang'anya ni Mwislamu, aliyenyang'anywa ni Mwislamu, lakini aliyetoa shauri ni Mwingereza, amiri wa merikebu ni Mwingereza, na kadhi wa kesi ni Mwingereza.

Mwaka 1877 Gordon akawa liwali mkuu wa Sudani yote. Alisafiri juu ya ngamia masafa makubwa, akipambana na biashara ya watumwa. Suleiman, mwana wa Zubeir Pasha aliyekuwa mfanyi biashara mkubwa wa watumwa, alishindwa na kuuawa mwaka 1879 na Gessi, Mtaliani aliyekuwa chini ya Gordon. Kisha Gordon akajiuzulu, akazunguka Bara Hindi, Uchina, Morisi na Palestina. Alipofika Shelisheli aliitakidi kuwa bonde moja la kisiwa cha Praslin ndilo bustani ya Adamu na Hawa! Akili ya vipimo na akili ya ndoto zilikaa pamoja katika kichwa kimoja.

Wakati huo Sudani ilikuwa imewaka moto. Muhammad Ahmad bin Abdallah, mtoto wa mjenzi wa mashua kutoka Dongola, alijitangaza mwaka 1881 kuwa ndiye Mahdi. Ulamaa wengi hawakuukubali udai huo, nasi hatuingii hapa katika mjadala wake; lakini kodi na dhulma za watawala wa Kituruki na Kimisri zilikuwa zimewachosha watu, wakamfuata kwa maelfu. Januari 1884 Uingereza ilimtuma Gordon kuwatoa askari na raia wa Misri. Alipopita Kairo alikutana na Zubeir, ambaye alimlaumu kwa damu ya mwanawe. Na juu ya hayo Gordon akaomba Zubeir huyo huyo apewe Khartoum. London ikakataa. Alipofika Khartoum, tarehe 18 Februari, alitangaza kuwa wenye watumwa hawataingiliwa katika watumwa wao. Kwa hivyo aliyepigana na utumwa miaka mingi aliuachia kwa tangazo moja alipobanwa na siasa.

Hakuwatoa watu wote upesi alivyoagizwa. Alibaki, na mwezi wa Machi mji ukazingirwa. Ndani mlikuwamo watu wapatao 34,000. Hapo kazi yake ya ujana ikamrudia. Kaskazini na magharibi mji ulilindwa na Naili mbili, na kusini palikuwa na handaki na ukuta kutoka mto hadi mto, lililoanzwa na watawala waliomtangulia. Gordon akalitia nguvu: akatega baruti chini ya ardhi, akatawanya chupa zilizovunjwa na misumari, akazivisha stima mabamba ya chuma, akachapisha noti zake mwenyewe fedha ilipokwisha. Mahdi alimpelekea barua za kumwita katika dini na kumpa amani, pamoja na kanzu yenye viraka wavaayo wafuasi wake. Akaikataa.

Mji ulikaa hivyo zaidi ya siku 300. Watu walikula punda, kisha utomvu wa miti na nyuzi za mitende. Lakini handaki lilikuwa na mwisho wake katika Naili Nyeupe, na mwisho huo mlinzi wake alikuwa maji. Majira ya kipupwe mto hupungua. Maji yakarudi nyuma, likabaki tope tupu kati ya ukuta na mto, na askari wenye njaa hawakuwa na nguvu za kuliziba. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Januari 1885 jeshi la Mahdi lilipita pale pale. Wako waliosema kuwa afisa mmoja alifungua mlango kwa khiana. Sisi twaona kuwa mto watosha kuwa sababu. Gordon aliuawa alfajiri ile, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 52, na kichwa chake kikapelekwa Omdurman. Inasimuliwa kuwa Mahdi hakuagiza auawe. Watu wengi wa mji nao waliuawa siku ile, wasiokuwa na statyu wala kitabu. Tarehe 28 stima za msaada zilitokea mtoni, zikiongozwa na Sir Charles Wilson, mhandisi mwenziwe. Zikaona mji umekwisha kutekwa, zikageuka.

Mahdi mwenyewe alifariki mwezi wa Juni mwaka ule ule. Mwaka 1898 Kitchener, naye wa kikosi hicho hicho cha wahandisi, aliwaua Wasudani wapatao 10,000 katika asubuhi moja nje ya Omdurman, akalivunja kaburi la Mahdi. Chuo kilichojengwa kwa jina la Gordon kikafunguliwa mwaka 1902, na sanamu yake juu ya ngamia ikasimamishwa Khartoum. Sudani ilipopata uhuru mwaka 1956 chuo kikawa Chuo Kikuu cha Khartoum, na baada ya muda mchache sanamu iling'olewa ikapelekwa Uingereza, katika skuli yenye jina lake. Kuba la Mahdi lilikuwa limekwisha kujengwa upya na mwanawe, Sayyid Abdul-Rahman, mwaka 1947.