Spicer-Simson, Mwingereza aliyecheza ziwa Tanganyika kama karata

Tarehe 15 Agosti 1914, siku chache tu baada ya vita kuanza kule Ulaya, Wajerumani walishambulia Mokolubu, karibu na Uvira. Mitumbwi iliharibiwa, waya za simu zikakatwa. Wiki moja baadaye, tarehe 22, meli yao Hedwig von Wissmann iliipiga mizinga meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, kwenye mdomo wa mto Lukuga, pale ambapo leo ni Kalemie. Mwaka ule ulipoisha, hakukuwa tena na meli ya Mbelgiji wala ya Mwingereza iliyoweza kuwasumbua. Kutoka Usumbura hadi Bismarckburg, ambayo leo ni Kasanga kule Tanzania, ziwa lote lilikuwa mkononi mwa Mjerumani.

Mtu aliyekuja kuuvunja utawala huo alikuwa afisa ambaye hata wakubwa wake hawakumtegemea sana. Jina lake Geoffrey Basil Spicer-Simson. Vitabu vingi vinamsimulia kama kichekesho, na kweli alikuwa na vituko vyake. Lakini ukimtazama kwa jicho la mtu anayejua poka, unaona kitu kingine.

Katika poka kila mchezaji anaficha karata zake, na wenzake wanajaribu kuzisoma kwa namna anavyoweka pesa. Mtu aliyekuwa akiweka kidogo kidogo, halafu ghafla anasukuma rundo zima katikati ya meza, ametoa habari. Ama ana karata kubwa, ama anataka uamini kwamba anazo. Mchezaji mzuri haangalii rundo lile pekee. Anarudi nyuma, anajiuliza kama linapatana na yote ambayo jamaa amefanya tangu mwanzo. Vita vya Tanganyika vilikuwa hivyo: pande mbili zinatazamana kuvuka maji, na hakuna anayeona mwenzake amekamata nini.

Spicer-Simson alizaliwa tarehe 15 Januari 1876 huko Hobart, Tasmania, kusini mwa Australia. Familia yake ilirudi Ulaya ikakaa Ufaransa, naye akapelekwa kusoma Uingereza. Mwaka 1890, akiwa na miaka 14, aliingia jeshi la maji. Miaka mingi aliifanya kazi ya kupima maji na mito, Borneo, China, na baadaye mto Gambia. Kazi hiyo aliijua. Kuongoza meli za vita ndiko kulikomshinda. Chombo chake kiligonga boti, mtu akafa. Novemba 1914 alikuwa na kundi la meli karibu na mji wa Deal, Uingereza. Yeye alikuwa nchi kavu, hotelini, wakati meli ya Niger ilipopigwa torpedo na nyambizi ya Wajerumani na kuzama. Baada ya hapo akawekwa ofisini London, mezani na makaratasi yake.

Aprili 1915 mwindaji wa tembo aitwaye John Lee alifika London na wazo ambalo lilionekana la wazimu. Alikuwa ameuona upande wa ziwa wa Wajerumani, na alijua kwamba huko Kigoma wanaunda meli kubwa, Graf von Götzen, iliyoletwa kwa vipande ndani ya masanduku elfu tano hivi kutoka kiwanda cha Papenburg. Lee alisema boti ndogo zenye mbio zingeweza kupita Afrika ya Kusini, zikapandishwa treni hadi Katanga, zikavutwa porini, na kushushwa Tanganyika bila adui kujua. Wakubwa wa jeshi la maji walikubali. Maafisa wazuri walikuwa na kazi nyingine. Spicer-Simson alikuwa hana. Akapewa yeye.

Boti zilikuwa mbili, kila moja na urefu wa mita 12, mzinga mdogo mbele na bunduki ya Maxim nyuma. Alitaka ziitwe Paka na Mbwa kwa Kiingereza. Wakubwa walikataa, akaziita Mimi na Toutou, yaani paka na mbwa namna watoto wa Kifaransa wanavyowaita. Ziliondoka Uingereza tarehe 15 Juni 1915, zikashuka Cape Town, zikapanda treni hadi Élisabethville na kufika Fungurume, reli ilipoishia upande huo. Hapo kazi yenyewe ndipo ilipoanza. Zaidi ya kilomita 200 za pori na milima ya Mitumba zilikuwa mbele yao. Mashine mbili za mvuke zilivuta, ng'ombe wakavuta, na pale mashine na ng'ombe vilipokwama, watu walivuta kwa kamba. Wakongomani kwa mamia walikata miti, wakajenga madaraja, wakafungua njia. Wanawake wa vijiji walibeba maji kichwani ili mashine zipate kunywa. Vitabu vinaandika majina ya Waingereza wote 28 hivi. Majina ya watu hawa sikuyakuta popote. Bila wao Mimi na Toutou zingeozea karibu na Fungurume.

Kutoka Sankisia ilikuwa treni hadi Bukama, kisha mto Lualaba hadi Kabalo, kisha treni tena hadi Lukuga. Walifika mwishoni mwa Oktoba 1915. Wabelgiji walishangazwa na huyu komanda aliyevaa sketi ya khaki kwa sababu ya joto, mwili umejaa chale za picha, na aliyejisifu kwa mambo yasiyothibitika. Waholoholo wa pale walimpa jina Bwana Chifunga-Tumbo. Kati ya majina yote aliyopata maishani, naona hilo ndilo lililomkaa vizuri zaidi.

Upande wa pili, Kigoma, alikuwepo Gustav Zimmer, mkubwa wa Wajerumani ziwani. Zimmer alisikia kwamba kuna kitu Lukuga. Alichokiwaza kilikuwa kile alichokijua tayari: Wabelgiji walikuwa na vipande vya meli kubwa, Baron Dhanis, ambayo siku moja ingeweza kuunganishwa. Basi akaitafuta hiyo. Mwanzoni mwa Desemba afisa wake, Rosenthal, aliogelea usiku kuchungulia bandari, akakamatwa. Hakurudi na habari, na kutorudi kwake peke yake kulitosha kuwa onyo.

Tarehe 26 Desemba, siku ya Jumapili, meli ndogo ya Wajerumani, Kingani, ilikuja tena kupeleleza. Wanasimulia kwamba Spicer-Simson alikuwa akiongoza sala alipoletewa habari, akaendelea hadi mwisho bila kubadilisha uso. Kisha aliiacha Kingani ipite, na boti zake zikatoka nyuma yake. Alijua kitu kimoja muhimu: mzinga wa Kingani uliweza kupiga mbele tu. Pigano lilikwisha kwa dakika kumi na moja hivi. Komanda wa Kingani, Junge, aliuawa, meli ikatekwa. Ikatengenezwa, ikapewa jina Fifi, ikaingia jeshi la Waingereza.

Hapa ndipo Zimmer alipoikosea meza. Kingani haikurudi, na hakuna aliyemwambia kwa nini. Akakata shauri kwamba mizinga ya Wabelgiji ya nchi kavu ndiyo iliyoipiga, maana mizinga hiyo alikuwa anaijua. Mpinzani aliyekuwa amekaa kimya mwaka mzima ameweka pesa nyingi ghafla, na yeye bado anahesabu kwamba ana karata zile zile za jana. Februari 1916 akaituma Hedwig von Wissmann, chini ya Odebrecht, ikaangalie mambo yamekuwaje.

Tarehe 9 Februari Hedwig ilionekana. Spicer-Simson alipanda Fifi. Toutou ilikuwa imeharibiwa na dhoruba, kwa hiyo Mimi peke yake ikafuatana naye, pamoja na vyombo vya Wabelgiji. Odebrecht alipoona adui, aligeuza na kukimbia. Hedwig ilikuwa na mbio kuliko Fifi, na kila mara mzinga mkubwa wa Fifi ulipopiga, ulikuwa kama unairudisha nyuma. Aliyeokoa siku ile ni Wainwright, afisa wa Mimi. Alitangulia bila kujali ishara za mkubwa wake za kumrudisha, akawa anaipiga Hedwig kwa nyuma kama mbwa anayeuma visigino vya ng'ombe. Kila Hedwig ilipogeuka kumjibu, ilipoteza mwendo. Fifi ikafika karibu, ikiwa imebaki na risasi chache sana za mzinga, na moja ikaingia kwenye mashine za Hedwig. Ikazama. Bendera yake ya vita ilichukuliwa, na hiyo ilikuwa sifa kubwa London.

Kesho yake Götzen yenyewe ilitokea mbele ya Lukuga, meli ya mita 70 hivi, ikitembea polepole ikitafuta mwenzake. Maafisa walitegemea amri. Spicer-Simson aliitazama, akakataa kutoka. Wengi wamemhukumu kwa hilo. Mimi naona siku ile alihesabu sawasawa: Götzen ilikuwa na mzinga wa milimita 105 uliotolewa kwenye manowari Königsberg, na ungeweza kuzivunja boti zake kabla hazijafika karibu. Kutupa karata nzuri mbele ya karata nzuri zaidi siyo woga.

Hukumu nzito zaidi ni ya miezi iliyofuata. Baada ya Februari hakukuwa tena na pigano la meli ziwani. Götzen, iliyokuwa na nguvu kuliko vyombo vyote, haikuja kutafuta vita. Mchezaji mwenye rundo kubwa akianza kukaa kimya, kuna sababu, na sababu ilikuwepo: Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani, alihitaji mizinga nchi kavu, na ule mkubwa wa Götzen ukang'olewa. Mahali pake ukawekwa wa mti.

Spicer-Simson hakuusoma ukimya huo. Juni 1916 alifika na boti zake mbele ya Bismarckburg, kusini mwa ziwa, wakati jeshi la Waingereza kutoka Rhodesia chini ya Kanali Murray lilikuwa linaizunguka ngome kwa nchi kavu. Kazi yake ilikuwa kuziba upande wa maji. Aliiona mizinga juu ya kuta, akaona ni mingi, akarudi nyuma. Usiku Wajerumani walipanda jahazi wakaondoka. Murray alipoingia ngomeni alikuta mizinga ile ni ya mti. Alikasirika vikali, na alikuwa na haki. Mtu aliyempiga adui mara mbili kwa sababu adui hakuamini asichokiona, safari hii alishindwa na alichokiona.

Baada ya hapo alianguka mgonjwa, akarudishwa Uingereza. Alipewa nishani na Waingereza na Wabelgiji, lakini hakupewa tena meli za kuongoza vitani. Wakati huo huo upande wetu wa kaskazini, majeshi ya Wabelgiji chini ya Olsen yaliteremka bonde la Ruzizi na kuchukua Usumbura mwezi ule ule wa Juni. Ndege za maji za Wabelgiji ziliipiga Kigoma kwa mabomu. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha Götzen wenyewe, wakiwa wamepaka mashine zake grisi nyingi ili zisioze, na siku mbili baadaye Kigoma ikaanguka.

Spicer-Simson alirudi kwenye kazi aliyoiweza, maji na vipimo. Alikuwa mkalimani kwenye mazungumzo ya amani ya Versailles, na kuanzia mwaka 1921 hadi 1937 alikuwa katibu mkuu wa kwanza wa ofisi ya kimataifa ya kupima bahari iliyoko Monaco. Alikufa Canada, huko British Columbia, Januari 1947.

Götzen iliinuliwa kutoka majini mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina Liemba. Mwaka 1997 ni meli hiyo hiyo iliyotumiwa kuwarudisha nyumbani maelfu ya Wakongomani waliokuwa wamekimbilia Tanzania.