Henry Winstanley na Taa ya Eddystone

Henry Winstanley alizaliwa Uingereza mwaka 1644. Kazi yake ilikuwa kuchora picha juu ya mabamba ya shaba, walakini alipenda zaidi kubuni mitambo ya kushangaza watu. Nyumbani kwake palikuwa na kiti ambacho mgeni akikikalia kilimbana mikono asiweze kuondoka. Watu walilipa fedha kuona mambo hayo, wakacheka, wakaenda zao.

Baadaye alinunua merikebu za biashara, na mbili katika hizo zikavunjika juu ya miamba ya Eddystone, iliyo mbali baharini kusini ya bandari ya Plymouth. Maji yakijaa, miamba hiyo hufunikwa karibu yote, na usiku baharia haioni mpaka amekwisha kuigonga. Winstanley aliuliza kwa nini hapana taa mahali pale. Akaambiwa kuwa haiwezekani kujenga. Basi akaazimu kujenga yeye mwenyewe.

Alianza mwaka 1696. Watu wake walifanya kazi wakati wa kiangazi tu, tena kwa saa chache maji yanapokupwa. Mwaka mzima wa kwanza ulikwisha kwa kutoboa mashimo 12 katika jabali na kutia vyuma vya kushikia jengo. Mwaka 1697, siku ambayo manowari ya kuwalinda haikuwapo, Wafaransa, waliokuwa wakipigana na Waingereza, walimteka wakamchukua kwao. Lakini Mfalme Louis XIV aliamuru arudishwe, maana aliona kuwa taa ile itawafaa mabaharia wa mataifa yote.

Tarehe 14 Novemba 1698 mishumaa ya mnara iliwashwa. Wakati wa baridi mawimbi yaliruka juu hata yakaifunika taa, kwa hiyo mwaka wa pili aliuongeza unene na urefu. Wengine hawakuamini kuwa utadumu. Yeye alisema kuwa angependa kuwamo ndani yake katika tufani iliyo kubwa kuliko zote.

Akapata alilolitaka. Mwezi wa Novemba 1703 alikwenda kuutengeneza mnara, na usiku wa tarehe 26 ilivuma tufani ambayo Waingereza hawajaisahau. Kulipokucha, mnara haukuwapo, wala Winstanley, wala watu wake. Vilibaki vipande vya chuma tu. Siku chache baadaye merikebu iliyotoka Marekani na shehena ya tumbako iligonga miamba ile ile gizani, ikazama.

Hapo hapakuwa na haja tena ya kuuliza kama taa yafaa. Mnara mwingine ulijengwa, na baada yake mwingine; wa nne, uliowashwa mwaka 1882, ndio unaoangaza Eddystone hata leo.